Afya ya wafanyikazi wako: inakugharimu ngapi, na inakurudishia nini?

Saa kumi na mbili asubuhi. Unafungua hoteli, maji ya chai bado hayajachemka, na simu inatetemeka: "Boss, leo sitaweza kuja. Kichwa inauma toka jana." Huna muda wa kuuliza mengi. Unampigia kibarua unayemjua, unamwahidi shilingi mia saba, na anafika saa mbili wakati wateja wa asubuhi washaenda kwa jirani.

Ukiwa na duka, saluni, karakana au hoteli, asubuhi za namna hii unazijua. Na pengine umeshatembelewa na mtu mwenye brosha nzuri akikuambia dawa yake ni "programu ya afya kazini": gym ya bei nafuu kwa wafanyikazi, mtaalamu wa lishe, siku ya kupimwa presha, yoga, simu ya ushauri nasaha. Anakwambia kila shilingi utakayoweka itarudi na wenzake watatu.

Je, ni kweli? Wateja wetu wenye laini za biashara wametuuliza swali hili mara nyingi kiasi kwamba tumeamua kukaa chini na kufanya hesabu. Jibu fupi ni kwamba inategemea unanunua nini. Jibu refu ndilo hili.

Tuanze na sisi wenyewe

Hatuwezi kujifanya watakatifu. Hapa ofisini tuliwahi kuanzisha programu yetu. Tulinunua mikeka ya yoga, tukatafuta mwalimu wa kila Jumatano saa saba mchana, na tukaanzisha mashindano ya kuhesabu hatua kwa simu. Wiki ya kwanza chumba kilijaa. Wiki ya tano tulikuwa watatu, na mmoja wetu alikuwa mwalimu.

Mashindano ya hatua nayo yalishindwa na mwenzetu ambaye tayari alikuwa akikimbia msitu wa Karura kila asubuhi kabla ya kazi. Alipewa zawadi yake, tukapiga picha. Siku hiyo hiyo mmoja wa akina mama wanaosafisha jengo, ambaye hupanda na kushuka ngazi za ghorofa sita siku nzima, akatuuliza kwa utani, "Na sisi je, hatua zetu hazihesabiwi?" Hazikuwa zinahesabiwa. Wao wameajiriwa na kampuni nyingine ya usafi, kwa hivyo hawakuwa kwenye orodha. Tulicheka pamoja naye, lakini lile swali lilibaki.

Baadaye tulipoanza kusoma tafiti ndipo tuliona kwamba tulichokifanya si cha ajabu. Karibu kila mahali ni hivyo hivyo: anayejitokeza kwa programu ni yule ambaye tayari ana afya. Mwenye presha, mwenye mawazo ya karo, mwenye mgongo unaouma, huyo yuko kazini anachapa kazi.

Ile hesabu ya "dola moja inarudi na tatu"

Hesabu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2010 watafiti watatu, Katherine Baicker, David Cutler na Zirui Song, walikusanya tafiti zilizokuwepo za makampuni ya Marekani wakapata kwamba kwa kila dola 1 iliyowekwa kwenye programu za afya, gharama za matibabu zilipungua kwa takriban dola 3.27, na gharama za watu kukosa kazi zikapungua kwa takriban dola 2.73. Biashara gani ingekataa faida kama hiyo? Ndiyo maana hadi leo utaikuta kwenye brosha.

Shida ni kwamba nyingi ya tafiti za zamani zililinganisha waliojiunga na wale ambao hawakujiunga. Na tumeshasema ni nani hujiunga. Ukilinganisha mkimbiaji wa Karura na mwenzake ambaye hajawahi kuvaa raba, utafikiri programu imefanya maajabu, kumbe mtu alikuja na afya yake kutoka nyumbani.

Kwa hivyo watafiti wengine wakafanya jambo la haki zaidi: wakapiga kura. Chuo Kikuu cha Illinois kilichukua karibu wafanyikazi 5,000, wengine wakapewa programu na wengine wakanyimwa, kwa bahati nasibu tu. Matokeo yalipotoka, gharama za matibabu hazikuwa zimebadilika kwa kiwango cha kuonekana, wala siku za kukosa kazi. Kilichobadilika ni kwamba watu wengi zaidi walikwenda kupimwa, na wengi zaidi waliamini kwamba mwajiri wao anajali afya yao. Na walipolinganisha waliojiunga na wasiojiunga kwa ile njia ya zamani, faida kubwa ilionekana tena! Watu ni wale wale, lakini njia mbili za kuhesabu zikatoa majibu mawili.

Mwaka 2019 kukatoka utafiti mwingine, wa kampuni ya maduka makubwa ya jumla huko huko Marekani, yenye wafanyikazi karibu 33,000 kwenye maduka 160. Maduka 20 yalichaguliwa kwa kura yapewe programu. Baada ya miezi 18, wafanyikazi wa maduka hayo walisema wanafanya mazoezi zaidi na wanaangalia uzani wao. Lakini presha, kolesteroli, gharama za matibabu na siku za kukosa kazi hazikuwa na tofauti ya maana. Waliofanya utafiti huo ni Zirui Song na Katherine Baicker. Ndio, wale wale wa 2010. Tunawaheshimu kwa hilo, maana si kila mtu hurudi kukagua hesabu yake mwenyewe.

Basi tuache? Hapana, tuje nyumbani kwanza

Marekani mwajiri ndiye hubeba sehemu kubwa ya bima ya matibabu, kwa hivyo anatafuta bili ya hospitali ishuke. Kwetu mambo ni tofauti. Tangu Oktoba 2024 mfanyikazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwenda SHA, na mwajiri haongezi kitu juu yake. Kazi yako ni kukata na kutuma kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukimlipa mtu 16,000, hiyo ni shilingi 440.

Kwa hivyo mfanyikazi wako akiugua, gharama hukufikia kupitia mlango mwingine. Hukufikia kama siku aliyokosa na kibarua wa kuziba pengo. Hukufikia kama "boss, niongezee advansi". Hukufikia kama mchango kwenye grupu la WhatsApp, ambapo bila shaka wewe ndiwe unatarajiwa kuanza. Na wakati mwingine hukufikia kama mpishi mzuri aliyerudi kwao kutibiwa na hakurudi tena.

Na kuna ushahidi wa hapa kwetu ambao tunauona mzito kuliko wa yoga. Kule Kericho, wachuma chai hulipwa kwa kilo, kwa hivyo kila siku ya kila mtu imeandikwa. Utafiti uliochapishwa 2004 uligundua kwamba wafanyikazi wenye virusi vya Ukimwi, katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kabla ya kuacha kazi, walichuma pungufu ya kati ya kilo 4 na karibu kilo 8 kila siku wakilinganishwa na wenzao. Utafiti mwingine wa huko huko, wa 2008, uliwafuata waliopewa ARV: baada ya mwaka mmoja walifanya kazi angalau mara mbili ya siku ambazo wangeweza kufanya bila dawa.

Angalia tofauti yake na mikeka yetu. Kericho kulikuwa na ugonjwa unaojulikana, dawa inayojulikana, na njia ya kumfikia mgonjwa pale pale anapofanya kazi. Hapo pesa ya afya inafanya kazi. Ukimpa yoga mtu ambaye shida yake ni presha ambayo hajui anayo, umenunua mkeka tu.

Na presha si hadithi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya Wakenya watu wazima wana presha ya juu, na zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Ukiwa na wafanyikazi wanane, piga hesabu mwenyewe.

Hesabu ya hoteli ya watu tisa

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni zetu za kukisia. Ondoa, weka zako.

Hoteli ina wafanyikazi 9, kila mmoja analipwa 16,000. Kwa mwezi, zinakosekana siku 6 kwa ugonjwa. Kibarua wa kuziba ni 700 kwa siku, yaani 4,200 kwa mwezi. Na kumbuka aliyeugua naye bado analipwa: sheria ya kazi ya 2007 inampa mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili kila mwaka, na 7 nyingine kwa nusu, akileta karatasi ya daktari.

Sasa mwenye hoteli anaamua kuleta "programu ya afya". Maji safi ya kunywa, mitungi miwili kwa wiki, tuseme 1,600 kwa mwezi, ambayo ni 19,200 kwa mwaka. Stuli nne ndefu ili wa kaunta na wa jikoni wapumzishe miguu kukiwa hakuna wateja: 6,000. Sanduku la huduma ya kwanza lenye vitu vya kuungua na kukatwa: 3,000. Kliniko ofisa kuja mara mbili kwa mwaka kupima presha na sukari, 300 kwa kila mtu: 5,400. Jumla ni 33,600 kwa mwaka, au 2,800 kwa mwezi.

Kwa 700 kwa siku, ili pesa hiyo irudi kupitia vibarua peke yake, lazima upunguze siku 4 kati ya zile 6 kila mwezi. Tuseme ukweli: haitatokea. Mtu akikuahidi hivyo, mwambie arudi na brosha yake.

Lakini hebu angalia orodha tena. Maji ya kunywa, mahali pa kukaa kwa wanaofanya kazi wamesimama, na sanduku la huduma ya kwanza viko kwenye sheria ya usalama na afya kazini ya 2007. Hiyo si programu, ni deni ambalo ulikuwa unadaiwa tangu siku uliyofungua. Ukitoa hivyo vitatu, shilingi 28,200 zinaondoka kwenye orodha, na kinachobaki ni kliniko ofisa: 5,400 kwa mwaka, yaani 450 kwa mwezi. Hiyo ni chini ya bei ya kibarua wa siku moja. Akigundua mtu mmoja tu mwenye presha mapema, akaanza dawa kabla ya kuangukia jiko, hatuna haja ya kukuonyesha jedwali.

Vivyo hivyo na bima ya ajali kazini inayotakiwa na sheria ya WIBA, na kamati ya usalama ukifikisha wafanyikazi 20. Wauzaji wengi wa programu za afya hupenda kuviweka kwenye bei yao vitu ambavyo tayari ni wajibu wako. Uliza kila kipengele: hiki ni sheria au ni nyongeza?

Kitu kimoja ambacho tunaona wengi wanakipita ni chakula. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mlo wa kazini wa hadi shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mfanyikazi hauhesabiwi kama mapato yake ya kutozwa kodi, mradi unapika mwenyewe au unanunua kwa mtu aliyesajiliwa kulipa kodi. Hiyo ni 5,000 kwa mwezi. Saluni ambayo wasusi wake hushinda na chai na mandazi ya saa nne hadi jioni inaweza kufanya mengi kwa nusu ya hiyo. Githeri ya saa saba haina picha nzuri kama yoga, lakini inaliwa.

Mawazo ya pesa nayo ni afya

Hapa lazima tukiri: sisi ni kampuni ya malipo, tuna maslahi. Soma ukijua hivyo.

Shirika la Afya Duniani linasema siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka duniani kwa sababu ya msongo na wasiwasi uliofikia kiwango cha ugonjwa, na hasara yake ni kama dola trilioni 1. Kwa kutibu magonjwa hayo, shirika hilo lilikadiria kila dola 1 hurudisha 4. Hatutakwambia kwamba mshahara wa kuchelewa ndio chanzo cha yote hayo. Lakini tunaona jinsi pesa zinavyotembea. Mtu ambaye hajui mshahara utaingia tarehe 30 au tarehe 8 anakopa kwa simu, kisha anakopa kwingine kulipa ya kwanza, na mwezi ukiisha mshahara unapita tu kwenye simu yake ukielekea kwa wadai. Huyo hata ukimpa mtaalamu wa lishe, atamwambia nini? Ale mboga za pesa gani?

Kulipa tarehe moja kila mwezi hakukugharimu kitu zaidi ya mpangilio. Tunalitaja la kwanza kwa sababu ndilo la bei rahisi kuliko yote tuliyotaja, na ndilo huvunjwa zaidi. Wengi si wabaya. Pesa ya wateja na pesa ya mshahara zinakaa kwenye laini moja, na msambazaji wa unga akija kabla ya wafanyikazi, unga unashinda. Tenga ya mshahara kila siku unapofunga. Kwa ile hoteli yetu ya 144,000 kwa mwezi na siku 26 za kazi, ni kama 5,540 kwa siku. Ukiitoa kila jioni hutaihisi kama ukitafuta yote kwa mpigo tarehe 29.

Advansi nazo ziwe na utaratibu unaojulikana: mara moja kwa mwezi, kiasi fulani, bila riba, bila mtu kulazimika kueleza mbele ya wenzake kwamba mtoto amelazwa. Chunga mpaka wa sheria pia. Makato yote kwa pamoja, yaani SHA, NSSF, ushuru wa nyumba, advansi, kila kitu, hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara. Kwa wa 16,000, lazima abaki na angalau 5,334 mkononi. Ukimpa advansi ya 12,000 kwa huruma, umejiingiza shidani, na yeye mwezi ujao atarudi tena mapema zaidi.

Siri za watu

Hili ndilo hutuogopesha kuliko gharama. Biashara ndogo ni kama familia, na hilo ni zuri mpaka pale karatasi ya matokeo ya sukari inapopitishwa kutoka mkono hadi mkono jikoni ili "kila mtu aone yake". Tumesikia mwajiri akijisifu kwamba anajua presha ya kila mtu wake. Alikuwa na nia njema. Lakini taarifa za afya ya mtu zinalindwa vikali na sheria ya data ya 2019, na mwajiri hana haki ya kuziweka bila sababu halali. Kumlazimisha mtu kupimwa virusi vya Ukimwi ili apate au abaki na kazi kumekatazwa tangu sheria ya 2006.

Njia rahisi: mlipe kliniko ofisa, mpe chumba chenye mlango unaofungika, kisha toka. Matokeo ni ya mfanyikazi. Wewe unachohitaji ni risiti inayosema watu wangapi walihudumiwa. Usiombe hata majina. Mtu akihisi kwamba sukari yake itatajwa siku ya kupunguza wafanyikazi, mwaka ujao siku ya kupimwa ataumwa na kichwa.

Na asiyetaka kupimwa aachwe. Usimkate, usimtanie.

Kwetu ofisini tuliacha yoga. Mikeka iko stoo, chini ya ngazi, na mara moja moja mtoto wa mtu huja nayo kucheza. Badala yake kliniko ofisa huja mara mbili kwa mwaka, na tulikubaliana na kampuni ya usafi na ile ya ulinzi kwamba watu wao waingie kwenye foleni kama sisi. Haikuongeza gharama nyingi. Watu kumi na wanne kwa 300.

Ukitaka kuanza mwezi huu, usinunue kitu kwanza. Chukua daftari, andika kwa miezi mitatu nani alikosa siku gani, ulimlipa kibarua ngapi, na nani aliomba advansi, bila kuandika ugonjwa. Hapo utajua shida yako ni siku, ni pesa, au ni mtu mmoja ambaye anahitaji kusaidiwa kufika hospitali. Wakati huo huo, kama tayari unalipa mishahara kwa malipo ya pamoja kwenye laini yako ya biashara, panga tarehe mbili: ya mishahara, na kikumbusho cha tarehe 7 ili makato yafike kabla ya 9. Jaribu na mtu mmoja kwanza, hakikisha jina na namba vinalingana, kisha ongeza waliobaki.